Jino la Bastola Lilipoota Manyoya

Kama wewe ni mzee kama mimi, na serikali ilikupa ruhusa ya kubeba ile chuma kwa kiuno, na siku moja umenyoosha mkono ukaona lile jino la mbele limeota manyoya, soma hii kwanza. Usikimbie kununua kitu. Mimi nilikimbia, na nilinunua kila kitu isipokuwa ile moja iliyotakiwa. Naandika sasa kwa sababu nimetokea upande ule mwingine. Siwezi kusema nimepona, lakini nimetokea. Na pale kwa foleni ya kliniki ya macho Kajiado nilikutana na wazee wengine wenye shida kama yangu, na kila mmoja alikuwa anaificha hata kwa yule amekaa karibu naye.

Watu wananiita Baba Njeri. Nakaa Kitengela, upande wa kwenda Isinya, na kazi yangu tangu ujana ni ng'ombe. Nanunua soko la Kajiado, nauzia mabucha ya Kitengela. Shule niliachia darasa la nne kwa sababu baba alisema mbuzi hawawezi kujichunga. Kwa hivyo ukiona mahali nimeandika vibaya, ruka uendelee.

Bastola nilipewa laiseni baada ya wezi kuja kwangu. Walikuja saa tisa mchana, jua likiwa kali, mimi niko sokoni. Walimfungia Mama Njeri kwa stoo ya nyasi, wakaswaga ng'ombe wote, hata ile moja ilikuwa inachechemea. Nilimpata Mama Njeri amekaa juu ya nyasi, ameshika kiatu kimoja mkononi. Nikamwambia, hiyo haitatokea tena nikiwa hai. Nilisema hivyo mbele ya majirani, na mtu akisema kitu kama hiyo mbele ya majirani inamfuata.

Sasa, kwa wale hawajui: bastola iko na jino dogo huko mbele, na nyuma iko na pengo. Unaweka jino katikati ya pengo, halafu vyote viwili unaviweka juu ya kile unalenga. Ni hivyo tu. Na laiseni ikikaribia kuisha unaenda uwanja wa shabaha, mwalimu anakuangalia ukipiga karatasi, akiridhika anakuandikia. Asiporidhika, chuma inarudi kwa serikali. Sasa umeelewa nilichokuwa naogopa. Laiseni yangu ilikuwa inaisha mwisho wa mwaka, na jino lilianza kuota manyoya mwisho wa mvua ndefu.

Mwanzoni nilidhani ni vumbi. Nikasafisha na kitambaa. Nikasafisha na mafuta. Nikapuliza. Jino likabaki vile vile, kama kitu kimeachwa kwa maziwa. Nikaona shida ni rangi, chuma nyeusi kwa macho ya mzee haionekani, wacha niipake. Nikaingia duka moja la vipodozi hapo Kitengela nikauliza rangi ya kucha, nyekundu ile kali.

"Ya nani, guka?" msichana wa duka akauliza. Guka, ndiyo kusema babu kwa Kikuyu.

"Ya ng'ombe."

Hakucheka hata kidogo. "Basi chukua mbili," akasema, "kwato ziko nne."

Nikapaka jino likawa jekundu, na kweli siku mbili tatu nilifurahi. Halafu nikawa na manyoya mekundu. Lakini shida kubwa ilitokea nyumbani, maana Mama Njeri alipata ile chupa kwa mfuko wa koti langu. Aliiweka mezani karibu na chai, akaketi.

"Baba Njeri, huyu ana kucha ngapi?"

"Nani?"

"Huyu wa chupa."

Sasa ningesema nini? Nikisema ni ya bastola, ataniuliza bastola imekuwa nini. Nikisema bastola iko sawa, ataniuliza macho. Na nikisema macho, ile ahadi niliyomwambia mbele ya majirani inakufa hapo hapo kwa meza. Nikavuta kikombe nikanywa chai. Nilikubali aamini niko na msichana. Mzee wa miaka sabini na moja, na goti mbaya, nilikubali kuitwa mzinzi kwa nyumba yangu kuliko kuitwa kipofu. Siku nne alinipakulia chakula bila neno. Fikiria hiyo, wewe unayeficha.

Wakati huo huo akaanza kukohoa. Si kikohozi cha mgonjwa, ni kile kifupi, mara mbili, akitembea uani. Nikanunua dawa ya kifua nikamwekea dirishani. Alikuwa anaimaliza na bado anakohoa. Nikaongeza chupa ingine. Nilichanganyikiwa, nikaona sasa nyumba hii tunaisha wote wawili, mmoja kifua, mwingine macho.

Niwaambie habari ya Parmuat, kwa sababu bila yeye singefanya ule ujinga mkubwa, na tena bila yeye singetokea upande huu. Parmuat ni Mmaasai wa huko chini ya Kajiado, tumefanya biashara ya ng'ombe miaka mingi mpaka tukawa ndugu. Mwaka huo alianza kuniangalia vibaya sokoni. Mtu wa ng'ombe hasomi, anaangalia. Anajua ng'ombe ya fulani kwa rangi na pembe, akiwa mbali kabisa, bado ni kama mdudu kwa nyika. Siku moja aliniuliza, "Olchore," ndiyo kusema rafiki kwa Kimaasai, "ile inakuja pale ni rangi gani?"

"Nyeupe."

"Ile ni pikipiki."

Nikamwambia ukweli kidogo, robo ya ukweli. Nikasema macho yananiwasha. Yeye akaingiza mkono kwa shuka akatoa mrija wa dawa, ile ya kupaka ng'ombe wakiumwa macho wakati wa vumbi. Akaapa imemsaidia shemeji yake. Kwetu sisi watu wa mifugo hiyo dawa haikosi mfukoni, na usishangae, kuna wengi wanaipaka wenyewe wakiwa wamejificha. Nikaipaka usiku na asubuhi, macho yote mawili.

Siku ya tatu macho yalikuwa kama nyanya iliyopasuka. Siku ya tano sikuweza kuyafungua bila maji ya moto. Wiki mbili sikuenda soko. Nilimwambia Mama Njeri ni vumbi la lori. Akanipangusa na pamba, bila kuniuliza kitu, na alikuwa bado amekasirika ile ya chupa. Yaani ananipangusa macho na huku amekasirika. Hiyo sijawahi kuielewa hadi leo. Tafadhali, dawa ya ng'ombe wachia ng'ombe. Hata uzito wake na wako si sawa.

Baridi ya Julai ikafika nikaenda uwanja wa shabaha kufanya mazoezi, kabla ya siku ya kupimwa. Mwalimu hapo ni mama mmoja aliyekuwa jeshini, anaitwa Auma, mrefu, haongei sana. Nikamwambia jino la bastola yangu limeharibika, nataka lile la kisasa. Nilikuwa nimesikia wazee wakisema kuna kioo kidogo kinafungwa juu ya bastola, ndani kuna nukta nyekundu, unaweka nukta juu ya kitu, basi, hakuna mambo ya jino na pengo. Akasema uwanja uko na moja ya mazoezi. Akanipa niangalie.

Niliangalia nikaona mchicha. Nukta hakuna. Kuna kitu chekundu kimetawanyika, vijani vingi, kimoja kinaenda juu, vingine pembeni. Nikamrudishia.

"Madam, hii imeharibika. Mtu aliiangusha."

Auma akaangalia. "Iko sawa."

"Mimi naona kama mchicha."

Hakubishana. Akatoa simu yake, akaishika nyuma ya kile kioo, akapiga picha, akaniletea. Kwa simu ilikuwa nukta moja, ndogo, ya mviringo, imetulia kama mbegu.

"Simu haina umri, guka," akasema. "Mashine ni nzima. Nenda ukaone daktari."

Mtu mwenye akili angeenda. Mimi nilitoka hapo nikifikiria vile simu za siku hizi zinadanganya, zinatoa watu madoa usoni. Nilikasirikia simu mpaka nikafika Kitengela.

Halafu nikapata wazo, na nililipenda sana. Sisi tukinunua ng'ombe hatuna mzani, tunapima kifua na kamba, tunajua kilo. Basi nikachukua kamba ya katani, nikanyoosha mkono na bastola tupu, nikapima kutoka jicho mpaka lile jino, nikafunga fundo. Nikaenda kwa jamaa anayeuza miwani hapo stendi, ana kabati ya kioo na kiti. Nikamwambia, nataka miwani ya kuona mwisho wa hii kamba. Si karibu zaidi, si mbali zaidi. Hapa kwa fundo.

"Unashona?" akauliza.

"Eeh."

Tulijaribu nyingi. Mwishowe moja ilinipa kitu safi mwisho wa kamba, kiasi. Manyoya yalipungua. Nikavaa nikatoka na furaha, nikakanyaga mtaro, nikaanguka. Kila kitu baada ya fundo kilikuwa moshi. Lakini nilijiambia, walimu wote wanasema uangalie jino, usiangalie kule mbele. Hilo neno nilikuwa nimelishika kama maandiko.

Septemba nikaenda kupimwa. Nilivaa koti zuri. Pembeni yangu kulikuwa na jamaa mnene, mwenye duka la vyuma, naye anapimwa. Karatasi ziko hatua kumi na tano, zimepangwa kwa mstari, kila mtu na yake. Nikavaa miwani ya kamba. Jino nikaliona, jekundu, katikati ya pengo. Nikapiga pole pole, risasi sita, na nilisikia kwa mkono ni nzuri. Mtu anasikia.

Auma akaenda kuangalia. Akasimama kwa karatasi yangu. Akasimama kwa karatasi ya yule jamaa. Akarudi kwa yangu tena. Halafu akatuita.

Karatasi yangu ilikuwa safi kama shuka la hospitali. Ya yule jamaa ilikuwa na mashimo kumi na mbili. Sita yametawanyika pembeni. Na sita yako katikati, yamekaribiana, unaweza kufunika na kifuniko cha soda.

"Zile za katikati ni zangu," jamaa wa vyuma akasema haraka.

"Zako ni hizi za pembeni," Auma akamwambia. "Guka amepiga vizuri. Amepiga mtu mwingine."

Jamaa alicheka mpaka akashika magoti. Nami nilicheka kidogo kwa sababu sikujua kufanya uso namna gani nyingine. Auma hakucheka. Akanichukua kando akaniambia kwa sauti ya chini kwamba hataniandikia, na kama nikimletea barua ya daktari wa macho kabla ya mwaka kuisha ataniangalia tena. Akauliza nani amenileta. Nikasema nimekuja peke yangu. Akasema, "Basi kaa kwanza, nitapigia mama simu." Kwa hivyo Mama Njeri alijua kutoka kwa Auma. Alikuja, akaniangalia na ile miwani, akaitoa usoni mwangu akaikunja akaiweka kwa kibeti. Njia yote kurudi alishika kibeti kwa mikono miwili. Nilingoja anitukane. Hakunitukana.

Sasa mambo ya hospitali. Nitasema ukweli, kungoja kwenyewe ndiyo ugonjwa. Unafika Kajiado asubuhi, benchi zimejaa. Kina mama wa shuka wameshika watoto wenye macho ya usaha, wazee kama mimi wamekaa na kofia kwa magoti. Wanakuwekea matone ya kufungua jicho, unangoja. Wanakuwekea tena, unangoja. Ukitoka nje jua linakupiga kama mtu amekurushia chokaa. Mzee mmoja karibu na mimi aliinama akaniuliza kwa sikio, "Nawe uko na kile kitu?" akagusa kiuno. Nikasema hapana. Akasema, "Hata mimi sina." Tukaketi wima, wazee wawili waongo.

Kulikuwa na bakuli moja kubwa jeupe la mashine. Unaingiza kichwa, wanaziba jicho moja, taa ndogo zinawaka huku na huku, ukiona unabonyeza kitufe. Hiyo nilijua nitaishinda. Nikabonyeza, nikabonyeza. Kijana wa mashine akaisimamisha.

"Mzee, unabonyeza hata kabla taa haijawaka."

"Nilikuwa najua inakuja."

"Usijue. Ona."

Hilo neno lilinikaa. Tulirudia mara tatu. Ya tatu, na jicho la kushoto, nilikaa muda mrefu naona hakuna kitu, nikafikiri amezima. Nikamwuliza kama amezima. Akasema hapana, baba, zinawaka.

Daktari alikuwa msichana wa umri wa mjukuu wangu, mpole. Mama Njeri alikuwa ameketi nami. Alituambia jicho la kulia liko na mtoto wa jicho, ukungu unaotolewa, na miwani ifaayo itanyoosha kilichobaki. La kushoto ndilo baya. Liko na presha ya macho, imekula mshipa wa nyuma kidogo kidogo, bila kuuma, na kile imekula hakirudi. Matone ni ya kila siku, hadi mwisho wangu, kulinda kilichobaki. Niliuliza kama ni ile dawa ya ng'ombe. Akashtuka kusikia dawa ya ng'ombe, akaandika, lakini akasema hapana, hii ilianza kabla. Sikujua kama nifurahi.

Halafu akasema, "Jicho la kulia tukitoa ukungu tunaweka lensi mpya ndani. Haifanyi kazi mbili. Nikikuwekea ya mbali, karibu utavaa miwani. Nikikuwekea ya karibu, mbali utavaa miwani. Wewe unapendelea ipi?"

Nikatoa kamba mfukoni. Naam, nilikuwa nayo. Nikanyoosha mpaka kwa fundo. "Ya hapa."

Akaangalia fundo. "Hapo mwisho wa mkono kuna nini unachoangalia kila siku, baba?"

Kabla sijatunga uongo, Mama Njeri ndiye alijibu. "Bastola."

Daktari akaweka kalamu chini.

"Sasa, daktari," Mama Njeri akasema, na sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa, kama anaagiza unga, "umeuliza mwisho wa mkono kuna nini. Mwulize, kule mbele ya mkono kuna nani."

"Wezi," nikasema.

"Kuna mimi. Wezi walikuja mara moja. Mimi natoka kwa choo kila siku, natoka zizini kila siku. Tangu siku uliniuliza wewe ni nani na nimebeba ndoo yako ya maziwa, mimi natembea kwa boma yangu nikikohoa kama mgeni, ndio ujue ni mimi."

Sikukumbuka siku ya ndoo. Bado siikumbuki. Nilichouliza ni kitu cha ajabu, sijui kilitoka wapi. Nikauliza, "Na ile dawa ya kifua?"

"Nilikuwa namwagia maua."

Daktari alijifanya anatafuta karatasi. Nikakunja kamba. Nilikuwa nimebeba maneno ya majirani miaka yote hiyo, kwamba Mama Njeri hataogopa tena kwa boma yake, na yule alikuwa anaogopwa ndani ya boma ni mimi. Sikuelewa vile ilizunguka ikafika hapo. Nikasema, "Weka ya mbali."

Walinifanyia upasuaji wakati mvua fupi zilianza. Haichukui muda, inachukua muda wa kunyonyoa kuku. Unasikia maji, unaona taa tatu zinaogelea, hakuna uchungu. Uchungu ni kulala chali bila kukohoa, na mimi mgongo wangu haupendi chali. Kesho yake walitoa kitambaa. Nikaona kucha za nesi. Nikaona buibui juu ya dirisha. Nikaona mama mzee ameketi kwa kiti amevaa sweta ya Mama Njeri, mikunjo mpaka shingoni, doa la kahawia chini ya jicho, nikashangaa huyu ni nani amempa sweta. Halafu akatabasamu. Jameni. Nilikuwa nimekaa na yule mama miaka mingapi bila kumwona? Naye aliona ninavyoangalia, akasema, "Hata wewe ngoja upewe kioo."

Parmuat alikuja kunisalimia. Alinitoa nje, akanionyesha kitu kwa nyika. "Ile?"

"Ndama, mwekundu, sikio limekatwa."

Alinishika mkono akautikisa, halafu akaomba msamaha kwa ile dawa. Nikamwambia shemeji yake ndiye aombe.

Desemba nikarudi kwa Auma na barua ya daktari, na miwani ya kweli ya kunyoosha jicho. Mama Njeri alikuja akaketi kivulini na thermosi. Auma akanipa ile ya kioo. Nikaangalia. Nukta moja. Ndogo, ya mviringo. Na kule mbele karatasi yangu, naiona mpaka pini zake. Hapo ndipo nilielewa, nusu, kwamba jino linataka jicho la karibu na mtu analenga mbali, ndiyo maana wazee tunateseka. Lakini ile nukta inakaa kule kule kwa kitu chenyewe, ukiwa na jicho la mbali inatosha. Nilipiga sita. Zote kwa karatasi yangu. Auma akaenda akarudi, akasema, "Umepita, guka."

Nilimwangalia Mama Njeri. Alikuwa anafunga thermosi pole pole, macho chini.

"Kuna kitu ingine," Auma akasema. "Hii haiko kwa fomu. Weka bastola chini. Angalia karatasi yako, usigeuze kichwa. Nitatembea. Ukiniona, sema."

Nikaangalia karatasi. Nilingoja. Nikasikia ndege. Nikasikia lori kwa barabara ya Namanga. Nilikuwa nafikiri hajaanza kutembea, nataka kumwambia aanze, nikasikia kidole kinagusa ukingo wa kofia yangu, upande wa kushoto.

"Nimepita mbele ya Mama nikaja pole pole," akasema. "Nimekupungia mkono mara mbili."

Kama angekuwa mwizi, ni sawa. Lakini mtu anayetoka kushoto kwa boma yangu, kwa choo, kwa zizi, mimi ningemwona wakati gani? Wakati amenigusa. Na mtu akikugusa umeshika chuma unafanya nini? Auma akaniletea karatasi ya kupita, ameshaiandika na kutia sahihi, kwa sababu ni mtu wa haki. Akasema, "Ni yako. Uamue wewe."

Niliikunja nikaiweka mfukoni. Bado niko nayo, kwa Biblia. Wacha nikwambie wewe unayesoma: mimi sikwambii urudishe yako. Labda macho yako yote mawili ni mazuri na ni ukungu tu. Ninachokwambia ni uende upimwe pembeni, si mbele peke yake, kwa sababu mbele ndipo tunapoangalia na tunajidanganya tuko sawa. Na uende na yule mnalala nyumba moja, umwache aongee na daktari.

Wiki iliyofuata tulienda Kajiado, mimi na Mama Njeri, kwa ofisi ya serikali, nikaiweka bastola mezani ikiwa tupu. Nyumbani tulikuwa tumetafuta mbwa wawili, na Parmuat alikuwa amemleta mpwa wake na ng'ombe wake wakae shamba la nyuma. Je, inatosha? Sijui. Mchana saa tisa bado naangalia lango.

Afisa alikuwa mtu wa kufuata fomu. "Sababu ya kurudisha silaha?"

"Sasa naona," nikamwambia.

"Mzee, watu hurudisha kwa sababu hawaoni."

"Ndiyo hivyo. Nilipokuwa sioni nilikuwa nayo."

Akaangalia Mama Njeri amsaidie. Mama Njeri akamwambia, "Ameeleza." Afisa akakuna kichwa, akaandika neno moja. Nikamwuliza ameandika nini. Akasema ameandika uzee. Nilitaka kubisha, kisha nikaona foleni nyuma yangu.

Akanigeuzia fomu nitie sahihi. Jicho langu jipya ni la mbali, na miwani ya kusoma nilikuwa nimeisahau juu ya meza Kitengela. Kupitia dirisha lake niliweza kuona mbuzi ng'ambo ya barabara, hata kamba yake ya shingo. Lakini ile fomu ilikuwa maziwa. Nilishika kalamu kwa kushoto, mkono wangu wa kuandika, nikasimama nayo.

Mama Njeri akachukua kidole changu cha shahada, kile ambacho miaka yote kilikuwa cha kufyatulia, akakiweka juu ya karatasi.

"Hapa," akasema.

Nikaandika jina langu karibu nacho.